Umbali na Muda wa Safari ya Ndege

Ukisimama katika uwanja wa shule huko Kibuta, wilayani Kisarawe, siku isiyo na mawingu, huenda ukaona ndege za namna mbili. Baadhi yake hupita chini, zikiwa zimepunguza mwendo ili zitue katika Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, ambacho kipo Dar es Salaam, ng'ambo ya vilima vya Pugu. Nyingine hupita juu sana, zikionekana ndogo kama sindano, na nyuma yake huacha mstari mweupe. Hizo za juu zinatoka mji mmoja wa mbali na kwenda mji mwingine wa mbali, na sisi tuko njiani tu.

Anza kwa kusikiliza. Mtu akisikia mngurumo wa ndege iliyo juu sana hutazama mahali sauti inakotoka, lakini haioni ndege pale. Ndege iko mbele zaidi. Sauti husafiri hewani mita zipatazo 340 kwa sekunde moja. Ikiwa ndege iko kilomita 10 juu ya kichwa chako, sauti yake hutumia yapata nusu dakika kukufikia. Katika nusu dakika hiyo ndege yenyewe imekwisha kwenda mbele zaidi ya kilomita 7. Kwa hiyo masikio yako yanakuambia mahali ndege ilipokuwa, na macho yako yanakuambia mahali ilipo. Kutokana na jambo hili dogo unaweza kuona jinsi ndege inavyokwenda kwa mwendo mkubwa.

Sasa tuifuate safari moja, kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai, nchini India. Mwezi wa Julai 2019 Shirika la Ndege la Tanzania lilianza safari za moja kwa moja kati ya miji hii miwili, likitumia ndege ya aina ya Boeing 787. Lakini watu wa pwani yetu walikuwa wakienda Bara Hindi karne nyingi kabla ya hapo, kwa majahazi. Waliondoka wakati wa kusi na kurudi wakati wa kaskazi, na safari ya upande mmoja ilichukua majuma kadhaa. Nahodha aliyechelewa na pepo zikageuka alilazimika kungoja miezi mingi bandarini. Kwake yeye umbali haukuwa na maana kubwa bila kuujua upepo. Utaona baadaye kwamba hata rubani wa leo hajaachana kabisa na hesabu hiyo ya nahodha.

Kupima umbali

Watu wengi wakitaka kujua umbali kati ya miji miwili huchukua ramani ya dunia iliyobandikwa ukutani, wakaweka rula juu yake. Kwa miji iliyo karibu, kama Kisarawe na Kibaha, njia hiyo yafaa. Kwa miji iliyo mbali sana haifai, kwa sababu Dunia ni mviringo, na ramani ya ukutani ni bapa.

Menya chungwa uangalie usivunje ganda lake, kisha jaribu kulitandaza ganda hilo mezani. Litapasuka. Ukitaka lilale bila kupasuka itakubidi ulivute huku na huku, na sehemu ulizozivuta zitakuwa kubwa kuliko zilivyokuwa. Mchoraji wa ramani hupatwa na tatizo hilo hilo. Katika ramani nyingi za ukutani nchi zilizo karibu na ncha za Dunia zimevutwa mno. Greenland huonekana kubwa karibu sawa na Afrika nzima, ingawa Afrika ni kubwa mara kumi na nne hivi kuliko Greenland.

Kwa hiyo tumia tufe. Ikiwa shule yenu haina tufe, mpira wa miguu utafaa. Fanya hivi pamoja na wenzako. Zungusha uzi katikati ya mpira, kisha chora kwa chaki mstari unaofuata uzi huo. Mstari huo ndio ikweta. Pima urefu wa uzi uliozunguka mpira mara moja. Kwa mpira wa kawaida utapata sentimita 70 hivi. Mzingo wa Dunia penye ikweta ni kilomita 40,075, lakini kwa hesabu zetu tuseme 40,000. Gawanya 40,000 kwa 700, utaona kwamba kila milimita moja juu ya mpira wenu ni kama kilomita 57 juu ya Dunia.

Mzunguko mzima una digrii 360. Kwa hiyo digrii moja juu ya mpira huo ni karibu milimita 2. Dar es Salaam ipo digrii 7 kusini ya ikweta: tia alama milimita 14 chini ya mstari. Mumbai ipo digrii 19 kaskazini ya ikweta, na digrii 34 mashariki ya Dar es Salaam. Toka katika alama ya Dar es Salaam, panda wima hadi kwenye mstari wa ikweta, nenda milimita 68 upande wa kulia, kisha panda milimita 38, utie alama ya pili. Sasa vuta uzi kutoka alama hadi alama, ukakaze vizuri usilegee. Pima urefu wa kipande hicho cha uzi, uzidishe milimita zake kwa 57.

Mkipata jibu lililo kati ya kilomita 4,500 na 5,000, mmefanya kazi nzuri. Umbali wenyewe, ukihesabiwa kwa uangalifu mkubwa, ni kilomita 4,690 hivi. Mwenzako akipata 6,000, msimcheke. Mwambie apime upya, maana huenda uzi wake ulilegea, au alama zake zilipotoka.

Njia ambayo uzi uliokazwa huifuata juu ya tufe ndiyo njia fupi kupita zote. Ukiuendeleza uzi huo mpaka uizunguke Dunia yote, utaigawa Dunia katika nusu mbili zilizo sawa. Duara la namna hiyo huitwa duara kuu. Kama una tufe la kweli, vuta uzi kutoka London hadi Los Angeles, huko Marekani. Utashangaa kuona uzi unapanda kaskazini na kupita juu ya barafu ya Greenland. Ramani ya ukutani ingekudanganya uvuke bahari moja kwa moja kuelekea magharibi, nayo ni njia ndefu zaidi.

Kukadiria muda

Ukiujua umbali na mwendo, utapata muda kwa kugawanya:

Muda = Umbali ÷ Mwendo

Mtu mzima akitembea kwa miguu huenda kilomita 5 hivi kwa saa. Kama kungekuwa na njia kavu ya moja kwa moja hadi Mumbai, na mtu atembee saa 8 kila siku, angefika baada ya siku 117, yaani karibu miezi minne. Ndege ya Boeing 787, ikiwa juu angani, huenda kilomita 900 hivi kwa saa. Gawanya 4,690 kwa 900. Jibu ni saa 5.2, yaani saa 5 na dakika 12.

Lakini abiria hutumia muda wa saa 6 hivi. Je, mgawanyo wetu una kosa? La. Kosa ni kudhani kwamba ndege huenda kilomita 900 kwa saa tangu mwanzo wa safari hadi mwisho. Kwanza ndege hutambaa polepole kutoka mahali ilipoegeshwa. Ikisha kuruka, hupanda kwa muda wa nusu saa hivi, na wakati huo mwendo wake ni mdogo. Inapokaribia kufika hushuka na kupunguza mwendo. Na kama kiwanja kina ndege nyingi, huenda ikaamriwa izunguke kungoja zamu yake. Tena ndege haifuati uzi wetu barabara. Hufuata njia za angani zilizopangwa na mataifa, na hukwepa mawingu ya dhoruba. Kwa sababu hiyo tunasema juu ya mwendo wa wastani. Katika safari hii mwendo wa wastani ni 4,690 ÷ 6, yaani kilomita 780 hivi kwa saa.

Na upepo je? Mfikirie mvuvi aliye katika Mto Rufiji. Akipiga kafi kuelekea baharini, maji humsaidia. Akirudi, maji humpinga, ingawa nguvu za mikono yake ni zile zile. Ndege nayo huelea katika mto wa hewa. Kati ya Ulaya na Marekani, katika kimo cha kilomita 10 hivi, kuna upepo uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki, na mara nyingine hupita kilomita 200 kwa saa. London na New York ni kilomita 5,540 hivi. Kwa kawaida ndege hutumia saa 8 kutoka London kwenda New York, na saa 7 kurudi. Mwezi wa Februari 2020, wakati wa dhoruba kali, ndege moja ya abiria ilitoka New York ikafika London kwa muda wa saa 4 na dakika 56. Injini zake hazikuwa na nguvu kuliko za wenzake. Ilibebwa na upepo, kama jahazi lililopata kusi njema.

Hapo wanafunzi wengi huuliza swali moja, nalo ni swali zuri. Dunia yenyewe inazunguka. Penye ikweta ardhi hupita kuelekea mashariki karibu kilomita 1,670 kwa saa. Basi kwa nini ndege isipande juu na kungoja tu, mpaka mji unaotakiwa ufike chini yake? Ukiwa ndani ya basi linalokwenda, rusha chungwa juu kidogo. Litarudi mkononi mwako, wala halitaangukia viti vya nyuma, kwa sababu chungwa linakwenda pamoja na basi. Vivyo hivyo hewa inazunguka pamoja na Dunia, na ndege iliyo ndani ya hewa hiyo inazunguka nayo.

Saa za miji miwili

Tuseme mjomba wako amesafiri kwenda Mumbai. Ndege yake iliondoka Dar es Salaam saa 10 jioni, ikafika Mumbai saa 6 na nusu usiku kwa saa za huko. Aliporudi, aliondoka Mumbai saa 10 alfajiri kwa saa za huko, akatua Dar es Salaam saa 1 na nusu asubuhi. Ukihesabu kwa kutazama saa tu, utasema kwamba kwenda kulichukua saa 8 na nusu, na kurudi kulichukua saa 3 na nusu. Je, upepo unaweza kuleta tofauti kubwa hivyo? Hauwezi.

Dunia huzunguka kuelekea mashariki, digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kila saa moja. Kwa hiyo jua huchomoza Mumbai kabla ya kuchomoza Kibuta. Kila nchi huchagua mstari wa longitudo ambao saa zake hufuata. Saa za Tanzania hufuata mstari wa digrii 45 mashariki. Saa za India hufuata mstari wa digrii 82 na nusu. Tofauti ni digrii 37 na nusu. Gawanya kwa 15, utapata saa 2 na nusu. Wakati wetu ukiwa saa 4 usiku, India ni saa 6 na nusu usiku.

Sasa rudia hesabu ya mjomba, ukitumia saa za Tanzania peke yake. Aliondoka Dar es Salaam saa 10 jioni, akafika Mumbai saa zetu zikiwa 4 usiku: muda wa saa 6. Katika kurudi, aliondoka Mumbai saa zetu zikiwa 7 na nusu usiku, akafika saa 1 na nusu asubuhi: muda wa saa 6 tena. Kanuni ni hii: kabla ya kutoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika, zifanye zote mbili kuwa saa za mji mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo limewakosesha safari watu wazima wenye akili zao. Tiketi za ndege huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, lakini sisi katika Kiswahili huhesabu kuanzia alfajiri na magharibi. Tiketi ikiandikwa 10:00, maana yake ni saa 4 asubuhi. Mtu akienda kiwanjani saa 10 jioni, ndege yake imekwisha kuondoka tangu asubuhi. Ili kupata saa yetu, toa 6. Ikiwa namba ni ndogo kuliko 6, ongeza 6. Ikiwa jibu limezidi 12, toa 12. Ni hesabu ya darasa la pili, lakini ifanye kwa maandishi, usiifanye kichwani ukiwa na haraka.

Umbali, muda na mafuta

Msafiri wa kwenye kituo cha basi akikosea kukadiria muda, atachelewa tu. Rubani hawezi kukosea hivyo, kwa kuwa muda wa safari ndio unaoamua kiasi cha mafuta, na huko angani hakuna mahali pa kuongeza mafuta.

Utadhani basi ni bora kujaza matangi kila safari. Lakini mafuta yana uzito. Matangi ya Boeing 787 ndogo, yakijaa kabisa, huchukua lita 126,000 hivi, uzito wa tani 100. Mtu aendaye shamba la karibu habebi ndoo nzima ya maji kichwani, kwa sababu kuibeba ndoo yenyewe kutamchosha na kumtia kiu. Ndege pia hutumia mafuta kubeba mafuta, na ikiwa nzito mno haiwezi kutua salama. Kwa hiyo hupakiwa mafuta ya kufika inakokwenda, na ya kufika kiwanja kingine endapo cha kwanza kimefungwa, na akiba ya kuruka nusu saa nyingine, na nyongeza kidogo kwa ajili ya upepo usiotazamiwa. Mafuta ya kufika mwisho wa dunia hayapakiwi.

Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, aina ya Boeing 767, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ikiwa na watu 175. Umbali wa safari hiyo ni kilomita 1,160 hivi, muda wa saa 2. Njiani watu watatu waliiteka nyara, wakamwamuru rubani, Leul Abate, awapeleke Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta yaliyopakiwa hayatoshi. Hawakumsadiki. Walikuwa wamesoma katika gazeti la shirika, lililokuwamo ndani ya ndege, kwamba ndege hiyo huweza kuruka muda wa saa 11.

Hebu tupime jambo hili. Kutoka Addis Ababa hadi Perth, mji mkubwa wa Australia ulio upande wa magharibi, ni kilomita 9,300 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 850 kwa saa, muda wake ni karibu saa 11. Kwa hiyo maandishi ya gazeti hayakuwa uongo. Yalihusu ndege iliyojazwa mafuta. Ndege ile haikujazwa.

Rubani alielekea kusini akifuata pwani ya Afrika, ili awe karibu na nchi kavu. Watekaji walipotambua walimlazimisha aelekee baharini, naye akashika njia ya visiwa vya Komoro. Baada ya muda wa saa 4 hivi tangu kuondoka Addis Ababa, mafuta yakaisha, na injini zikazimika, moja kisha ya pili. Ndege ikashukia majini karibu na ufuko wa Mitsamiouli, kaskazini ya kisiwa cha Ngazija, ikavunjika. Watu waliokuwa ufukweni walikimbilia kuwaokoa waliokuwamo. Watu 50 waliokoka. 125 walikufa, pamoja na watekaji wote watatu.

Zoezi

1. Kwa muda wa siku saba, kila uonapo ndege ikipita, andika saa, upande inakotoka na upande inakokwenda, na kama ilikuwa juu sana au chini. Linganisha daftari lako na la mwenzako.

2. Dar es Salaam hadi Mwanza kwa ndege ni kilomita 850 hivi. Ndege moja ilitumia saa 1 na dakika 25. Tafuta mwendo wake wa wastani. Kwa nini ni mdogo kuliko mwendo wa wastani wa safari ya Mumbai?

3. Andika kwa saa za Kiswahili, ukitaja asubuhi, mchana, jioni au usiku: 13:30, 05:00, 22:15.

4. Mwezi wa Oktoba 2018 shirika la Kenya Airways lilianza safari za moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, kilomita 11,800 hivi. Wakati wa baridi, saa za New York ziko nyuma ya za Nairobi kwa saa 8. Tuseme ndege imeondoka Nairobi saa 6 usiku kamili, ikaruka saa 15. Ilifika saa ngapi kwa saa za New York?

5. Tuseme ndege hutumia lita 6,000 za mafuta kila saa. Safari yake ni ya saa 6. Kiwanja cha pili kipo mbali kwa muda wa saa 1, na akiba ni ya nusu saa. Ipakiwe lita ngapi? Ikiwa matangi yake huchukua lita 126,000, ni lita ngapi zitakazokosekana ili yajae?

6. Juu ya mpira au tufe lenu, vuta uzi kutoka Dar es Salaam hadi mji wowote unaopenda. Taja nchi na bahari ambazo uzi unapita juu yake, kisha kadiria umbali na muda wa safari.